Mkoa wa Kati, 1957: Jimbo Lililodumu Mwaka Mmoja

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, wanane kwa nchi nzima. Nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ilifanywa jimbo moja, na Bernard Mate kutoka Meru akambwaga Eliud Mathu wa Kiambu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa barazani humo mwaka 1944.

Wapo wanaosema jimbo hilo halikuwa na uhalali wowote, na hoja yao ni nzito. Kwingineko mtu aliandikishwa kwa elimu, mapato, mali au utumishi wa muda mrefu, na mwenye sifa nyingi alipiga hadi kura tatu. Mkoa wa Kati hayo hayakutosha. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, kwa hiyo ilibidi pia uwe na cheti cha uaminifu, yaani serikali ikuthibitishe kwamba hukuwa upande wa Mau Mau. Maelfu walikuwa kizuizini. Vyama vya wilaya vilivyoruhusiwa mwaka 1955 vilikatazwa huko. Wameru, ambao mkono wa serikali haukuwabana kama ulivyowabana watu wa Kiambu, Murang'a na Nyeri, wakawa na nguvu kubwa katika daftari la wapiga kura. Huo ulikuwa uonevu, na ni serikali iliyouandika, si Wameru.

Hata hivyo, kumwita Mate kibaraka ni kumkosea. Aliungana na wajumbe wenzake kina Mboya, Odinga, Ngala na Moi kukataa uwaziri na kuipinga katiba ya 1954 ya Lyttelton, waziri wa makoloni wa Uingereza. Mwaka 1957 haukwisha kabla katiba hiyo haijaanguka. Ya Lennox-Boyd, aliyemrithi Lyttelton, iliyofuata ikafikisha viti vya Waafrika 14, jimbo likagawanywa, na Machi 1958 Julius Kiano na Jeremiah Nyagah wakaingia barazani kutoka mkoa huohuo.

Wala cheti pekee hakitoshi kueleza anguko la Mathu. Nyanza hakukuwa na sharti la cheti, lakini wajumbe wa kuteuliwa walianguka huko pia: Ohanga aliangushwa na Odinga, naye Awori akaangushwa na Muliro. Wapiga kura walikuwa wamewachoka wajumbe wa kuteuliwa. Naamini Mathu naye angepata taabu hata kwa daftari la haki, ila watu wake wa Kiambu walistahili kuamua hilo wenyewe.