Asiyekuwepo na Lake Halipo: Maegesho ya Pamoja Yanamfaa Nani?

Saa tano kasorobo usiku, gari dogo jeupe linaingia getini. Linazunguka ua mara moja, polepole, nyuma ya magari yaliyokwisha kulala, kisha linasimama karibu na tangi la maji na kuzima taa. Hakuna nafasi. Dereva ni muuguzi, ametoka zamu ya jioni. Anakaa ndani dakika tano hivi bila kushuka. Halafu analiegesha nyuma ya gari la jirani, anaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi na kukibana chini ya waipa. Saa kumi na moja alfajiri simu inaita: jirani anataka kutoka.

Nilikaa kwenye jengo hilo miaka kadhaa. Lilikuwa na nyumba 18, kaya 15 zenye gari, na nafasi 12 za kuegesha. Kwa hesabu hiyo tu, ugomvi ulikuwa umeshaingia ndani. Kwenye kikao kimoja cha wakazi muuguzi huyo alisimama akaomba nafasi zichorwe, zipewe namba na zigawanywe. Alijibiwa vikali. Aliambiwa analeta ubinafsi, kwamba ua ni wa wote, kwamba watu walioishi kama ndugu miaka yote hawawezi leo kuanza kuwekeana mipaka ya rangi. Mzee mmoja akamalizia, kwa upole kabisa: "Mwanangu, ukitaka nafasi, wahi."

Kila panapozuka mzozo wa maegesho ya pamoja, anayeomba mgao ndiye hugeuka mtu mbaya. Nadhani tunamwelewa vibaya, ingawa wanaompinga nao hawasemi upuuzi.

Hoja yao kubwa ni ya hesabu, na inasimama. Watu hawatoki na kurudi kwa wakati mmoja. Ukifunga kila nafasi kwa jina la mtu, saa sita mchana utakuta nafasi saba tupu zinaanikwa juani huku fundi bomba akifukuzwa getini kwa kuwa "hapa pana mwenyewe". Nafasi iliyo wazi kwa wote hutumiwa na watu wengi zaidi kwa siku kuliko yenye jina. Ndiyo sababu wapangaji wa miji hupenda kuunganisha maegesho ya ofisi na ya makazi: wa ofisini wanatoka jioni, wa nyumbani wanaingia. Donald Shoup, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California aliyefariki mwaka 2025 baada ya kulichambua suala la maegesho kwa miongo kadhaa, alizoea kukumbusha kuwa gari hukaa limesimama karibu asilimia 95 ya maisha yake. Kumpa mtu eneo la kudumu kwa chombo kinachotembea asilimia tano tu ya muda ni ukarimu mkubwa wa ardhi.

Wanaongeza kuwa mgao huota mizizi. Leo nafasi namba 4 ni ya matumizi, kesho mwenye nayo anaipangisha, keshokutwa anaiuza pamoja na nyumba. Na mstari wa rangi huamsha ulinzi ambao haukuwepo: kiti cha plastiki chenye jiwe juu yake, ndoo yenye zege, mtoto anayetumwa asimame katikati ya nafasi hadi baba afike. Hayo nimeyaona, na hayapendezi.

Ila hoja yote hiyo inachukulia kwamba ua usiogawanywa hauna upande. Si kweli. Ua huo una kanuni, na kanuni yake ni ile ya wahenga: asiyekuwepo na lake halipo. Jiulize nani hayupo saa kumi na moja jioni, nafasi zinapojaa. Ni muuguzi, ni mlinzi wa zamu, ni mwenye duka anayefunga saa tatu, ni anayepitia hospitalini kumwona mgonjwa wake kabla ya kurudi nyumbani. Na aliyepo ni nani? Mstaafu, anayefanyia kazi nyumbani, na kaya yenye gari la pili ambalo halikwenda popote tangu asubuhi. Kumwambia muuguzi "wahi" ni kumwambia abadili kazi. Mzee wetu hakukusudia hivyo, lakini ndivyo neno lake linavyomfikia mtu aliyesimama miguu miwili wodini saa nane mfululizo.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi si nani anakosa, bali kile ambacho ushindani huo unamfanyia hata aliyepata.

Tazama wiki chache baada ya nafasi kuwa adimu. Watu huacha kutoka. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa na gari zuri, analifuta vumbi kila Jumamosi asubuhi, halafu anaita teksi impeleke sokoni. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akaniambia, bila aibu na bila hasira, "Nikilitoa sasa, nitalirudisha wapi?" Mwingine aliacha kwenda kwa dada yake siku za Jumapili. Wa tatu alipanga safari zake zote kabla ya saa tisa alasiri, kama mtu aliye chini ya amri ya kutotoka nje. Magari yaliyonunuliwa ili yatembee yakawa vitasa vya kushikia nafasi. Na pembeni, chini ya turubai, lilikaa gari moja lenye tairi mbili zisizo na upepo kwa zaidi ya mwaka mzima. Halikuvunja kanuni yoyote. Lilikuwa limewahi, basi. Liliwahi siku moja na halikuondoka tena.

Hapa ndipo hoja ya matumizi mengi inajila yenyewe. Tuliambiwa ua wazi ni bora kwa sababu nafasi zinazunguka mikononi mwa wengi. Lakini pale ambapo magari ni mengi kuliko nafasi, kila anayetoka anapoteza, na kila anayeganda anashinda. Shoup alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alitaka kila mtaa ubakiwe na nafasi moja au mbili tupu muda wote, takriban asilimia 15, ili anayefika akute pa kusimama na anayetoka asiogope. Njia yake ya kufikia hapo ilikuwa bei: toza hadi nafasi chache zibaki wazi. Barabarani, mbele ya maduka, nakubaliana naye. Uani mwa majirani sikubaliani, kwa kuwa bei ingekuwa inamwambia muuguzi "lipa" pale ambapo leo anaambiwa "wahi", na mwenye fedha asingechelewa kamwe.

Wako wanaosema ugomvi huu unatokana na tabia tu, watu wangekuwa wastaarabu usingekuwepo. Ustaarabu unasaidia, lakini sentimita hazina ustaarabu. Shirika la Transport & Environment la Ulaya lilionyesha mwaka 2024 kuwa wastani wa upana wa magari mapya barani humo ulifika sentimita 180.3 katika nusu ya kwanza ya 2023, kutoka 177.8 mwaka 2018, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Chukua nafasi yenye upana wa mita 2.4, kipimo kinachotumika mahali pengi. Magari mawili ya namna hiyo yakikaa katikati ya mistari yao, kati yake zinabaki sentimita 60, na humo ndimo mlango ufunguke na mtu mzima apite na mtoto begani. Pasipo na mistari, kila mmoja anajiongezea kidogo upande wa dereva, na uani kwetu zile nafasi 12 zilikuwa 10 siku nyingi za wiki. Nafasi mbili zilipotea bila mwizi. Rangi peke yake ingezirudisha, hata kabla ya kuandika namba.

Kuna fikra kwamba kitu cha wote kikishawekewa mipaka si cha wote tena. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, aliandika kuwa malisho ya wote yana hatima ya kuharibiwa, maana kila mfugaji atazidi kuongeza ng'ombe wake. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alikuwa amechunguza kwa miaka mingi mahali ambapo hatima hiyo haikufika. Mojawapo ni kijiji cha Törbel, Uswisi. Tangu mwaka 1517 wanakijiji walikuwa na kanuni iliyoandikwa: mtu asipeleke malishoni mlimani wakati wa kiangazi ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Malisho yalibaki ya wote karne kwa karne. Alichokikuta Ostrom huko na kwingineko ni kwamba mali ya pamoja hudumu pale inapojulikana wazi nani ana haki na kwa kiasi gani, na pale ugomvi unapoweza kuamuliwa karibu na kwa gharama ndogo. Muuguzi wetu hakuwa anaomba ua uwe wake. Alikuwa anaomba kanuni ya ng'ombe.

Japani wanaibana zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 1962, anayetaka kusajili gari la kawaida lazima kwanza athibitishiwe na polisi kuwa ana mahali pa kuliweka, ndani ya kilomita mbili kutoka anapoishi. Huwezi kuleta gari la pili na kulitua kwa jirani. Sheria kama hiyo haiwezi kutungwa na kamati ya jengo, lakini wazo lake linaweza kuandikwa kwenye karatasi moja: haki ni ya kaya, si ya gari, na kaya ni nafasi moja.

Hata kile kiti cha plastiki kinaweza kuwekewa adabu. Boston, Marekani, dhoruba kubwa ya theluji ikipita, aliyelichimbua gari lake kwa koleo huweka kiti au ndoo pale alipotoa jasho. Jiji linamvumilia kwa saa 48 baada ya tangazo la dharura kuisha, kisha kiti kinaondolewa. Jasho linaheshimiwa na muda unahesabiwa. Huo ndio mgao usioota mizizi.

Na mahakama? Majirani wa Shetland, Uskoti, walifikishana mwaka 2007 hadi Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, kwa ajili ya kuegesha tu. Nyumba moja ilikuwa chini ya mteremko, gari haliwezi kuifikia, na walioishi humo walikuwa na haki ya kupita kwenye ardhi ya jirani. Majaji walikubali kuwa haki ile ya kupita ilibeba ndani yake haki ya kuegesha, kwa mazingira ya mahali pale. Nimewaelewa. Kuruhusiwa kufika nyumbani bila kuruhusiwa kusimama si kufika. Lakini ni njia ndefu mno kwa jambo linalowezekana kwa kopo la rangi.

Sasa gharama ya upande wangu. Kwa jengo lile ningependekeza nafasi mbili zibaki wazi kwa wageni, mafundi na mwenye mgonjwa, na 10 zigawanywe kwa zamu ya mwaka kati ya kaya 15. Maana yake kila kaya inakaa na nafasi miaka miwili na kuikosa mmoja. Kaya tano kila mwaka zitaumia, na sitawaambia kuwa haliumi. Tofauti ni kwamba zitajua mapema, kwa tarehe, na zitaweza kutafuta pa kukodi jirani au kupanga mambo yao. Muuguzi aliikosa kila usiku bila yeyote kumtangazia kuwa ni zamu yake ya kukosa. Na nafasi tupu za mchana zina dawa: mwenye namba 7 anaandika kwenye kundi la wakazi "iko wazi hadi saa tatu usiku", fundi anaingia, mama wa ghorofa ya tatu anakwenda sokoni na gari lake akijua litarudi lilipotoka. Magari ya umeme yatalazimisha jambo hili hata kwa wasiolipenda, maana chaja ikishafungwa ukutani haihami kumfuata aliyewahi.

Pendekezo la muuguzi lilipigiwa kura Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Walihudhuria watu tisa. Yeye alikuwa zamuni, na mwenye duka hakuwa amefunga. Lilikataliwa kwa mikono iliyoinuliwa, saba kwa wawili, na jina la aliyeliomba halikutajwa hata mara moja. Kwa majengo yanayoelekea kwenye kura kama hiyo: tumieni karatasi, sanduku likae kwa mlinzi getini wiki nzima, usiku na mchana, na kaya yoyote ambayo karatasi yake haijaonekana ifuatwe mlangoni kabla ya kuhesabu.