Ukuta wa Mtu Mmoja Usiamue Mto Upite Wapi

Masika yanapokaribia, malori ya vifusi huanza kuteremka kuelekea kingo za Mto Mbezi, Mto Tegeta na Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Mwenye uwezo hujenga ukuta wa zege au hupanga mawe ndani ya masanduku ya waya. Asiye nao hushindilia matairi chakavu na viroba vya mchanga. Simlaumu hata mmoja wao, kwa sababu mtu aliyeona mto ukila choo chake mwaka juzi hawezi kuambiwa akae asubiri. Ninachokipinga ni kila mtu kujenga kwa akili yake, ilhali maji yanayozuiwa upande mmoja hayapotei.

Mtaani kwetu, kando ya Mto Mbezi, mkazi mmoja alijenga ukuta imara, mrefu kuliko kimo cha mtu, uliosogea hatua kadhaa ndani ya mkondo. Masika hayo kiwanja chake hakikuguswa. Ng'ambo ya pili, mama mmoja mjane alipoteza migomba, kisha jiko, na mwishowe ufa ukaingia hadi chumba cha kulala. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Mwanangu, mto haukuja wenyewe, umeelekezwa huku." Alisema kweli, kwa kuwa mto ukibanwa huongeza kasi, huchimba kitako chake na kuushambulia ukingo ulio laini. Alikwenda kulalamika serikali ya mtaa, akaelekezwa ngazi ya juu, na kote alikopita hakupatikana wa kumwonyesha kibali cha ukuta ule wala jina la mtaalamu aliyeupima.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Naiunga mkono. Lakini baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, na wengine wengi wangali ndani ya mita hizo. Kwa kuwa hawatakiwi kuwapo, hakuna anayekwenda kukagua wanachokijenga, na hivyo katazo lenyewe limegeuka kuwa pazia la kuta zisizo na mwenyewe.

Ufukweni ni vivyo hivyo. Kule Kunduchi mchanga husafiri kandokando ya pwani kwa nguvu ya mawimbi na pepo za kusi na kaskazi, na sehemu yake huletwa na mito ile ile ambamo watu huchimba mchanga wa kujengea. Ukuta wa mawe unaoingia baharini hunasa mchanga upande mmoja na kuuacha ufukwe wa upande wa pili ukiliwa; naye anayeliwa hujenga wa kwake, na mmomonyoko ukasogea kwa anayefuata.

Kwa maoni yangu, ukuta wowote wa mtoni usijengwe bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na wa pwani bila kupitia NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, wala kibali kisitolewe mpaka mhandisi aeleze kwa maandishi maji yatakwenda wapi, na majirani wa ng'ambo na wa chini ya mto waitwe kusikilizwa katika ofisi ya mtaa, ambamo daftari la kuta zote liwe wazi kwa kila mkazi. Miradi ya serikali nayo isisamehewe: Mto Ng'ombe uliosakafiwa kwa zege hufikisha maji Msimbazi haraka zaidi kuliko mto wenye nyasi, na wanaoyapokea ni watu. Tena halmashauri ilipie wahandisi wa kuwahudumia wasio na uwezo, na pale inapobidi ijenge kingo zote mbili kwa pamoja, kwani kumdai kibali mtu anayejikinga kwa viroba bila kumsaidia ni kumfukuza kwa njia ya kuzunguka.

Yule mama alikwisha kuhama. Wiki iliyopita niliona malori yameshusha mawe kwenye kiwanja chake. Aliyekinunua anajenga ukuta, na msingi wake umeingia mtoni kuliko ule wa ng'ambo.