Pumzi ya Watu, Kutoka Tukuyu Hadi Bergen

Kila nikirudi Tukuyu, kwetu wilayani Rungwe, hakosekani binti wa kunivuta pembeni, mara nyingi wa kidato cha tano au cha sita, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Dada, ni kweli huko mtu anaishi anavyotaka?”

Haulizi habari za mishahara. Anauliza kama kuna mahali duniani ambapo mtu anaamka asubuhi akawa yeye tu, si binti wa fulani wala mjukuu wa ukoo fulani. Kwetu jina lenyewe linakutangulia. Ukishajitaja kwa Mwa-, mwanzo wa majina yetu ya ukoo sisi Wanyakyusa, maana yake mwana wa, mzee aliyekaa barazani ameshajua umetoka upande gani wa mlima, mnasali wapi na baba yako anadaiwa na nani. Mimi nilikuwa na swali hilohilo nikiwa na miaka 19. Nikiwa na 27 niliondoka, miezi michache baada ya kukataa posa ambayo nyumbani walikuwa wameshaipokea. Sasa ni mwaka wa kumi na moja niko Bergen, Norwei, nimetoka kwenye mvua nikaingia kwenye mvua, nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Jibu ninalompa binti yule limebadilika sana.

Bibi yangu alikuwa haturuhusu kula nyama tukiwa tumefunga mlango. Nilidhani ni adabu tu. Nilipokuwa huku ugenini ndipo nilisoma kitabu cha Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey. Kitabu kilitoka mwaka 1951, na humo ameeleza kitu ambacho wazee wetu walikiita pumzi ya watu. Mtu akimvunjia baba yake heshima au akiwa mchoyo, majirani wananung’unika, na manung’uniko yale yanamfikia kama baridi, anaugua homa. Ili apone lazima akiri na apatane na watu, wakae wale pamoja. Nilikifunga nikakaa kimya muda mrefu. Pumzi ile naijua. Ilinipata mwaka niliokataa posa, dukani, kanisani, kwenye foleni ya bomba. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wananisalimia vizuri tu, “Ugonile,” halafu nikishapita nasikia kimya nyuma yangu, na mwili unasisimka kwa baridi mchana wa jua.

Ndiyo maana riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi iliniumiza namna ile. Mambo yake ni ya Ukerewe, mbali kabisa na kwetu, na imetoka 1971, lakini sisi tuliisoma bwenini huko Mbeya kana kwamba imeandikwa juzi. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua hajui hata kuongea na mwanamume, maana hajawahi kuachiwa ajijue mwenyewe, na akishatoka chini ya fimbo anaangukia upande wa pili. Halafu Charles, yuleyule wa barua, anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Wakubwa walikipiga marufuku kitabu hicho mashuleni kwa muda, kwamba kinaharibu vijana, na walikosea. Kezilahabi alitaja kwa sauti jambo ambalo kila mama kwenye mtaa wetu alilijua na hakulisema.

Ila naye nina ugomvi naye, na nimekaa nao miaka mingi. Jamii inamwua Rosa, riwaya nayo inamwua. Msichana wa bwenini anafunga kitabu akiwa na njia mbili tu mbele yake, kutii au kufa.

Huku Bergen nilikuta njia ya tatu, kuondoka. Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norwei, alifanya kazi katika jumba la maigizo la mji huu kuanzia 1851 hadi 1857. (Hata jina lake ni Mwa- yetu, wao wanaiweka mwishoni: -sen maana yake mwana wa.) Mwaka 1879 akatoa tamthilia ya Nora, mke anayegundua kwamba mumewe, na kabla yake baba yake, walimlea kama mwanasesere. Mwishoni anatoka, anamwacha mume na watoto watatu, na watazamaji wanasikia mlango ukijifunga huko chini. Nilipoiona jukwaani nililia. Nikasema huyu ndiye mimi.

Lakini tusidhani wazungu walizaliwa na uhuru huo mkononi. Mchezo ulipotaka kupelekwa Ujerumani mwaka 1880, mwigizaji maarufu Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuucheza mwisho ule, kwa kuwa yeye asingeweza kuwaacha watoto wake. Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki. Mwenyewe aliuona kuwa ni unyama uliotendewa kazi yake, lakini aliuandika. Pumzi ya watu ilimfikia hata yeye.

Mimi ilinifikia kazini. Kwenye kikao cha wafanyakazi nilisifiwa kwa jinsi nilivyomhudumia mgonjwa mmoja mgumu, nikajibu kama ningejibu nyumbani: asante, kweli nimejitahidi, nimeifanya kazi hii vizuri. Chumba kikanyamaza, na kimya kile nilikitambua papo hapo. Baadaye mwenzangu mmoja, kwa upole, akanieleza habari za sheria ya Jante. Inatoka katika riwaya ya mwaka 1933 ya Aksel Sandemose, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Norwei. Aliuchukua mji wake mdogo wa Nykøbing akaupa jina Jante, akaandika amri kumi ambazo watu wake wanaishi nazo bila kuzitamka. Ya kwanza inakuambia usidhani kwamba wewe ni mtu wa maana. Wanorwei wanaitaja sheria hiyo kama sisi tunavyotaja methali.

Kwa hiyo, mdogo wangu, pumzi ya watu iko huku pia. Tofauti niliyoiona ni kwamba ya Rungwe ina mdomo. Unajua ni ya nani. Unaweza kubeba ndizi zako ukamfuata mwenyewe, mkagombana, mkalia, mkala. Ya huku haina wa kumfuata. Namhudumia bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya tisini ambaye ujanani aliondoka kwao kwa ajili ya mwanamume ambaye ndugu walimkataa. Aliishi alivyotaka, na ananiambia hajutii. Krismasi iliyopita, nikimchana nywele, akasema kwamba tangu siku ile hakuna hata mmoja wa ndugu aliyewahi kuja mlangoni kwake, hata kumgombeza. Alilisema bila chozi. Mikono yangu ndiyo iliyotetemeka.

Sisemi nyumbani ni pema zaidi. Mwaka uleule wa Rosa, 1971, nchi yetu ilipitisha Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Ilibidi tungoje hadi 2016 Mahakama Kuu itamke kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba, na hadi 2019 Mahakama ya Rufani ikubaliane nayo. Mabinti wangapi walikuwa wameshapita hapo katikati! Ninachokitafuta katika riwaya zetu, na bado sijakisoma namna ninavyokitaka, ni ile sura inayokuja baada ya binti kusema hapana, akiwa hai, akiwa palepale kwao.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikaa jikoni kwa mama mdogo, yeye ndiye aliyeipokea ile posa. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatusikilizani vizuri. Akaniuliza tena, kama kila mwaka, mume yuko wapi. Miaka yote nilikuwa nikicheka na kugeuza mazungumzo. Safari hii nilisema kwa sauti ya kushinda mvua: “Sina, mama mdogo. Na yule niliyemkataa, ningemkataa tena leo.” Akanitazama. Akashika kisu, akakiweka chini, akakishika tena. Kisha akalisukuma sinia la ndizi mbichi mpaka kwenye magoti yangu.

“Haya, menya,” akasema. “Watu wanakuja kula saa nane.”