Kadibodi Isiondolewe Kwenye Kinanda cha Mitaani

Baadhi ya vinanda vya mitaani vya Ulaya, vile vikubwa vyenye ngoma na kengele, sasa vinafungwa vali za sumaku ya umeme ili vipige faili za MIDI, yaani maagizo ya noti ya kidijitali, badala ya vitabu vya kadibodi ambavyo matundu yake ndiyo huamua noti ipi ilie. Sababu zinaeleweka. Kadibodi ni nzito, inajaza makabati, na kwa mwendo wa mita 4 kwa dakika, wimbo wa dakika 3 unakula mita 12. Lakini kuing'oa kabisa ni kosa.

Kabla yake kulikuwa na pipa la mbao lililopigiliwa misumari. Wimbo ulibanwa na mzunguko wa pipa, na kuongeza wimbo mpya ilikuwa kazi ya kutengeneza pipa jingine. Anselme Gavioli wa Paris alipata hataza ya kitabu cha kadibodi mwaka 1892, na kuanzia hapo urefu wa wimbo ukawa suala la kuongeza kurasa tu. Kurasa hizo zimeunganishwa na kukunjwa mbele na nyuma. Zinaingia upande mmoja wa mashine na kujikunja zenyewe upande wa pili.

Kwenye mfumo wa vidole, rola huivuta kadibodi juu ya safu ya vidole vya chuma vyenye springi, kila kidole na mstari wake. Tundu likifika, kidole huchomoza na upande wake wa pili hufungua vali ndogo. Badiliko hilo la upepo huendesha mvukuto mdogo, nao hufungua njia ya hewa kwenda kwenye filimbi. Tundu refu, noti ndefu. Mistari mingine haina noti: inapiga ngoma, au inabadilisha sauti za filimbi. Mkono unaozungusha gurudumu ndio huo huo unaojaza mivukuto mikubwa, kwa hiyo mzungushaji mwenye papara huharibu mwendo wa wimbo.

Uzuri wa kadibodi huonekana kinanda kinapougua. Noti fulani imekuwa bubu? Weka kitabu kingine. Ikibaki bubu, tatizo ni la mashine: springi imelegea, kidole kimepinda, au ngozi ya mvukuto imetoboka. Ikilia, rudi kwenye kitabu cha kwanza ukague mstari wake kwa macho. Noti inayorudiwa haraka ikisikika kama moja ndefu, mara nyingi kipande kilicho kati ya matundu mawili ni kifupi mno au kimechanika, hivyo kidole hakipati nafasi ya kushuka. Noti za jirani zikiingia zisipotakiwa, shuku unyevu: kadibodi imevimba na matundu hayalingani tena na vidole. Ndiyo maana vitabu vya mfumo huu hupakwa shelaki, aina ya vanishi, pande zote mbili, ambayo pia huimarisha kingo za matundu.

Mikunjo nayo huchanika. Iunganishe kwa ukanda mwembamba wa kitambaa, gundi ifike hadi pembeni kabisa, maana ukingo ulioinuka hunaswa na vidole. Na kitabu kisivutwe kinyumenyume hata kidogo. Ncha za vidole zimechongwa ili zisukumwe chini kadibodi inapokwenda mbele. Ukiirudisha, zinang'ang'ania matundu na kuyapasua. Ukitaka kukirudisha kitabu, fungua kwanza kifuniko cha rola.

Faili haikupi ushahidi wa namna hii. Vali ya umeme ikinyamaza, unatafuta waya, saketi, faili na programu, na hakuna hata kimoja unachoweza kukikagua kwa kupitisha kidole chako.

Anayetaka umeme aufunge sambamba, vidole na rola vibaki mahali pake. Kisha apitishe vitabu mara kwa mara, kwa sababu vidole visivyotumika hushika kutu na kukwama kwenye fremu.