Mdomo umefunga, sauti bado iko njiani

Jamani mimi sio mtu wa malalamiko. Foleni ya Tabata nimeizoea, maji yakikata naamka saa tisa usiku kukinga yakirudi, kodi naombwa ya miezi sita natoa, ila hii sabufa nliyonunua mwezi uliopita imenipa mitihani ambayo hata mwalimu wa hesabu wa fom two hakunipa.

Nilivunja kibubu nikashuka Kariakoo. Nimezunguka wee mpaka soli imeanza kuwaka, nikaangukia duka moja wanauza homu thieta used toka Dubai, redio yake nzito kama begi la mtu anaerudi toka Muscat, spika tano na besi moja, jamaa ananiambia kaka hii usiiite sabufa hii ni faivu pointi wani, tano za kukuzunguka na moja ya kukutingisha. Akaniwekea singeli. Kifua kikatingishika, mashati yaliyotundikwa duka la pili yakatingishika, nikalipa palepale na risiti nikapewa imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, nikaikunja nikaweka mfukoni kama vile hainihusu. Kosa langu liko hapo kwenye singeli. Singeli haina mdomo bwana! Ukitaka kujaribu spika za TV omba uwekewe mtu anaeongea, umuone midomo, sio uwekewe ngoma ambayo hata ikichelewa nusu saa huwezi kujua.

Nimefika home na bajaji, spika moja nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Waya muuzaji "kasahau" kunipa, basi nikaunganisha kwa bluetuthi, ikakubali, nikajiona injinia. Nikaweka taarifa ya habari. Dada wa watu anasoma vizuri, amemaliza, kasema usiku mwema, kafunga mdomo, ananiangalia anatabasamu, na sauti ndo kwanza inasema "...mwema". Nikadhani macho. Mama watoto yuko pembeni anachambua mchele, hakuinua hata kichwa vizuri, akasema:

"Baba Zuu, huyu dada anaongea kwa tumbo?"

Ukishaliona hilo jambo hutaweza tena kutokuliona. Wiki nzima siangalii habari, naangalia midomo. Waziri anaongea mambo mazito ya nchi mimi nimekodolea lips za waziri. Na nilipoongeza sauti ya TV yenyewe ili kuficha, ndo nikaharibu kabisa, TV inasema lake, sabufa inarudia nyuma yake, sebule ikawa kama mkutano wa hadhara uwanja wa shule, kila neno mara mbili mbili. Hilo niliwahi kulizima, ukishakuwa na sabufa spika za TV zizime kwenye menyu, ziko za nini.

Nikaita fundi. Fundi wa Dar unamjua, elfu kumi ya kuangalia kabla hajaangalia. Kafungua mfuniko, kapuliza vumbi, kagonga gonga na bisibisi, kaguna, akasema IC ya sauti imechoka, niachie nikakae nayo wiki. Nikasema haiendi. Pasi yangu nayo ilienda kukaa wiki kwa mtu, sa hivi ingekuwa mtoto ingeshaanza darasa la kwanza. Kaondoka na elfu kumi yake, mimi nikabaki na skrubu mbili zilizobaki nje ambazo hadi leo sijui ni za wapi.

Basi nikanunua bando nikakaa usiku kusoma. Kwanza niliwaza labda ni umbali, maana sauti nayo inatembea. Kumbe sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani mita moja ni milisekunde tatu hivi (sekunde moja ukiikata vipande elfu, kila kipande ndo milisekunde), na sebule yangu ukipiga hatua ya sita umeshagonga friji. Ili sauti ichelewe milisekunde 200 kwa ajili ya umbali tu inabidi niwe nimekaa mita 68 toka kwenye spika, yaani TV iko ndani kwangu halafu mimi naangalia nikiwa kwa mangi wa kona na soda mkononi. Kwahiyo sio umbali. Ni ile bluetuthi, inaichukua sauti, inaifunga, inairusha, huku redio inaipokea, inaifungua, inaweka akiba kidogo isije ikakatika, ndo inakupa. Picha muda wote huo haina habari na mtu, imeshapita.

Halafu kuna kitu nimekisoma kikanifurahisha. Jamaa wa ITU, hilo ni shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mwaka 1998 walitoa mwongozo kwamba mtu anaanza kushtuka sauti ikitangulia picha kwa milisekunde kama 45 tu, ila ikichelewa anavumilia mpaka 125 hivi. Ukifikiria ni kweli kabisa. Ushaona mtu anatwanga ng'ambo ya pili ya korongo? Mchi umeshapanda juu ndo unasikia tuu. Radi inawaka, unahesabu, ndo inapiga. Sikio la binadamu limezaliwa linajua sauti ni ya kuchelewa. Ila sauti ikitangulia, umesikia tuu halafu ndo unaona mchi unashuka, hapo unatafuta pa kukimbilia.

Na mimi nikaja nikakutana na yote mawili, tulia.

Nikanunua waya wa HDMI, nikachomeka kwenye lile tundu la TV lililoandikwa ARC, hilo tu ndo linalorudisha sauti toka TV kwenda kwenye redio, matundu mengine ya HDMI utachomeka mpaka vidole viote sugu hutasikia kitu. Sauti ikaja safi, imechelewa kidogo bado. Mpwa wangu yuko chuo, nikampigia, akasema anko nenda kwenye mipangilio ya sauti utaona imekaa Bitstream iweke PCM. Nikauliza tofauti yake nini, akanijibu jibu ambalo chuo wamlipe: hiyo ya kwanza ni chipsi za kufungiwa, redio lazima ikae ifungue mfuko, PCM ni chipsi za kwenye sahani. Nikaweka ya sahani. Kweli, midomo ikakaribia. Faida ya spika za kunizunguka ikapungua, nyuma zikawa zinanong'ona tu, lakini mtu akifunga mdomo anakuwa amenyamaza, na hicho ndo nilikuwa natafuta.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini mpwa akaja Jumamosi, kala wali, kashiba, anataka kulipa fadhila. Akasema anko kwanini sauti ipite kwenye TV wakati king'amuzi kina tundu lake la sauti, tuipeleke moja kwa moja kwenye redio, usumbufu wa nini. Akavuta waya, akachomeka, akapanda daladala akaenda zake.

Jioni nakaa, mlango kwenye TV unagongwa, ngo ngo ngo, halafu ndo naona mtu ananyanyua mkono kugonga. Wallahi nilisimama. Risasi inalia ndo jamaa anachomoa bastola. Sauti imetangulia! Kumbe hizi TV za siku hizi picha haziipitishi hivihivi, zinaipiga pasi kwanza, zinaondoa chenga, zinalainisha mipira isirukeruke, zinakoleza rangi, na yote hayo yanakula muda, sasa zamani sauti ilikuwa inakaa humohumo ndani inasubiri picha imalize kuvaa, mpwa kaitoa kwa mlango wa nyuma ikawa inafika ukumbini kabla ya bibi harusi. Nikajaribu kuweka geimu modi, ile inayoambia TV acha mbwembwe lete picha ilivyo. Ikasogea, ila picha ikapauka kama kanga iliyofuliwa na jiki, mama watoto akasema rudisha.

Nikaingia kwenye menyu ya redio sasa. Huko chini kabisa, baada ya mambo mia, nikakuta kitu kimeandikwa Lip Sync. Mimi nikakisoma kama nilivyosoma, lipu, sinki. Nikaganda na rimoti mkononi. Hii redio imejuaje? Ukuta wa nyuma haujapigwa lipu toka tuhamie na sinki la jikoni linavuja, mwenye nyumba mwenyewe nimemwambia mara nne hajui, redio ya Dubai inajua! Zuu, binti yangu wa darasa la tano, ndo akasema baba hiyo ni ya midomo, kama wanavyofanya TikTok.

Basi ndo dawa yenyewe ile. Namba kuanzia sifuri mpaka 200, unaongeza kumi kumi, unaishikilia sauti mlangoni mpaka picha ifike. Na ushike hili, inachelewesha tu, haiwahishi, sauti ikiwa imeshachelewa hiyo namba haikusaidii kitu, utaongeza msiba. Ila mimi yangu si imetangulia? Nikatulia kwenye kochi kama rubani.

Nikaweka tamthilia ya mama watoto. Ishirini. Mdomo na sauti haviendani. Arobaini. Haviendani. Sitini, themanini, mia, naona kama vimekaribia, halafu yule bwana mwenye ndevu anamaliza kuongea mdomo bado unacheza. Mia na arobaini. Sasa imekuwa mbaya zaidi. Nikarudi sifuri nikaanza upya na daftari, naandika. Kesho yake tena. Siku mbili, jamani, siku mbili nimelala saa saba, kazini nasinzia, bosi ananiuliza kwangu kuna mgonjwa. Usiku wa pili Zuu katoka kunywa maji, kasimama nyuma ya kochi kaniangalia weee, akasema kwa upole kama anaongea na mzee wa hospitali:

"Baba. Hao ni Waturuki."

"Kwahiyo?"

"Wametafsiriwa. Hicho Kiswahili kinasemwa na watu wengine."

Nilizima TV. Nilikaa gizani.

Mama watoto kaja kuambiwa asubuhi, alicheka mpaka akashika ukuta, ule usio na lipu. Na kumbe yeye mwenyewe miaka yote hiyo tamthilia anaangalia, hajawahi kujali midomo, anasema mimi nafata stori.

Nikatafuta mtu anaeongea Kiswahili kwa mdomo wake mwenyewe. Nikapata marudio ya Bunge. Na hapo ndo nikagundua siri ambayo nawapa bure, hamna kipimo kizuri duniani kama "Mheshimiwa Spika". Angalia midomo ya mbunge yeyote. Mmm, imefunga. Heshi, imefunguka. Mi, imefunga tena. Spi, imefunga kwa nguvu halafu inapasuka. Mara tatu ndani ya sekunde moja, na kila akivuta pumzi analirudia. Niliongeza kumi, nikasubiri Mheshimiwa Spika. Kumi tena, Mheshimiwa Spika. Nikawa namjibu, naam, na spika yangu hii hapa nakusikiliza. Kufika 80 ile "spi" ikatua palepale midomo ilipoachana, tap, kama kifuniko cha hotipoti. Nilipiga makofi peke yangu na sikujua mbunge alikuwa anachangia nini, nadhani ni barabara.

Jirani yangu akanisikia akaja, akasema basi nitengenezee na mimi, maana goli likifungwa mtaa wa pili wanashangilia yeye bado anaona mpira uko kati. Nikamwambia huo ugonjwa mwingine, hao wanasikiliza mpira kwenye matangazo ya redio na wewe una king'amuzi, picha yako inapanda juu kilomita kama 36,000 kwenye setilaiti na kushuka, na kufungwa kwake na kufunguliwa kwake ndo kunakula muda zaidi, huo hauna menyu. Akaondoka kama nimemnyima.

Sasa redio yenyewe ina tabia, umeme ukikata inasahau kila kitu, inarudi sifuri. Na huku kwetu mnajua. Mara ya kwanza nikakesha tena na wabunge. Mara ya pili nikasema hapana, nikachukua peni nikaandika kwenye kalenda ya ukutani, pembeni ya tarehe, kwa herufi kubwa nisisahau: MILI 80. Nikaenda zangu kazini.

Narudi jioni nakuta sebule kimya, TV imezimwa, Zuu kapelekwa kwa bibi yake. Mama watoto kakaa kwenye kochi langu, kalenda iko mapajani.

"Mili ndo nani?"

Nikacheka, nikamwambia wee nawe, ni milisekunde hiyo. Hakucheka. Akaiangalia kalenda, akaniangalia mimi, akasema taratibu sana:

"Mili Sekunde. Umempa elfu themanini. Na anakaa mtaa gani?"