Ndoo Yako Isipotoka Uani, Nani Atauliza?

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza binti mmoja wa ofisini kwetu kutafuta chumba hapa Tanga. Ni ajira mpya, katokea Mbeya, na hana ndugu hata mmoja kuanzia Muheza mpaka Horohoro. Tulikuwa na dalali. Nyumba ya kwanza ilikuwa Kange, ya pili Kange hukohuko lakini ndani zaidi. Ya tatu ilikuwa Ngamiani, na hiyo tulifika kwa sababu niling'ang'ania mimi.

Tulimkuta bibi amekaa barazani anachambua mchicha. Hakutuuliza tumefuata nini. Alisogeza ungo, akapangusa sakafu kwa upindo wa khanga yake, akasema, "Karibuni mkae, wanangu, jua kali." Yule binti alikuwa ameshainama kuvua viatu. Dalali akamshika mkono: "Dada, hapa si hadhi yako. Hapa uswahilini."

Binti akafunga tena kiatu. Siku hiyohiyo akalipa kodi ya miezi sita kwenye nyumba ya pili, yenye ukuta mrefu na geti la bati. Mimi nilinyamaza, na ukimya ule umenikaa kooni wiki nzima.

Uswahilini! Neno hilo litamkwe kama tusi, tena hapa Tanga, mbele ya bibi aliyetupangusia pa kukaa. Sijui hata kama alisikia. Naomba awe hakusikia.

Mji huu waliugawa wengine kabla sisi hatujazaliwa. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ikawa mpaka: upande wa bahari, kwenye upepo wa Raskazone, Wazungu na bustani zao; upande wa pili Waafrika, Ngamiani, kwenye barabara zilizonyooka kama zilivyochorwa kwa rula, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Waliochora wameondoka siku nyingi. Lakini dalali wa leo bado anakupeleka kwa ramani ileile, anakuambia hapa pana hadhi na pale hapana, na wewe mgeni unamwamini kwa sababu ndiye mtu pekee unayemjua mjini.

Kumbuka anavyolipwa. Anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha elfu arobaini na nyumba ya laki mbili ni mguu uleule kwake, ila malipo yake ni mara tano. Simlaumu kutafuta riziki. Nawalaumu wanaomkabidhi uamuzi wa mahali watakapolala, watakapougua na watakapofia, Mungu apishe mbali.

Mimi nililetwa Tanga mwaka 2014 nikitokea Singida. Nilipanga nyumba nzuri nje ya mji, ukuta, geti, tanki la maji, vigae mpaka jikoni. Majirani nilikuwa nao, kuta zao nilikuwa naziona. Nilijua gari la wa kulia ni jeupe. Jina lake sikulijua.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano nilirudi na homa. Nikala dawa ya maumivu, nikalala. Usiku umeme ukakatika, uniti za LUKU zilikuwa zimeisha, na simu ikazima pamoja nao. Jumamosi sikuweza kusimama. Nakumbuka jagi la maji lilikuwa juu ya meza ya chumbani, hatua nne kutoka kitandani, na nakumbuka nilivyokuwa nikizihesabu zile hatua na kuahirisha. Nilikuwa nasikia geti la jirani likifunguliwa na kufungwa. Asubuhi likafunguliwa, mchana likafungwa, jioni tena. Nilijaribu kuita. Ukuta wa futi nane haupitishi sauti ya mgonjwa.

Jumatatu saa tano mwenzangu wa kazini alikuja, akaita getini, akaruka. Nilipelekwa hospitali ya Bombo nikiwa sijitambui vizuri. Malaria. Daktari aliniuliza, "Unaishi na nani?" Nikamwambia peke yangu. Akaandika kitu kwenye faili, hakusema zaidi.

Nilipopona nilitafuta chumba Ngamiani. Sikwenda na dalali, nilikwenda na mama anayetupikia chai ofisini. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani bomba moja na mwembe. Mwenye nyumba tulimwita Bi Mkubwa. Alinionyesha chumba, akanionyesha choo, kisha akanipa sheria moja: maji yanatekwa alfajiri, kila mpangaji na ndoo yake, ukishateka uiache ukutani uani ijulikane umeamka. Yangu ilikuwa nyekundu, na mfuniko wake umekatika sikio.

Baada ya miezi mitatu hivi kulikuwa na kufunga hesabu za mwaka, nikarudi usiku wa manane, nikapitiliza usingizi. Sikuwa mgonjwa. Saa tatu asubuhi nikasikia vidole mlangoni, taratibu, halafu kwa nguvu.

"Mwanangu, u hai?"

"Nipo, Bi Mkubwa. Nimelala tu."

"Mbona ndoo yako haijatoka?"

Nilifungua. Alikuwa amesimama na kikombe cha uji kimefunikwa na sahani, na nyuma yake wapangaji wawili, mmoja ameshika funguo za baiskeli, tayari kwenda kumwita mtu. Walikuwa wameshaulizana. Saa tatu tu! Nilipokea uji, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikalia mpaka uji ukapoa.

Tangu siku ile, mtu akiniambia anahamia Tanga na anataka ushauri wa mtaa, ninamuuliza jambo moja kabla ya bei, kabla ya maji, kabla ya umbali wa kazini: hapo unapotaka kukaa, ndoo yako isipotoka asubuhi, itachukua muda gani mtu kuuliza? Kule kwenye ukuta wangu ilichukua siku mbili na nusu. Ngamiani ilichukua saa tatu.

Wala si kwamba watu wa Ngamiani wana roho nzuri kuliko wa Kange. Binadamu ni walewale. Ni nyumba yenyewe. Korido ni moja, huwezi kutoka bila kupita milango mitano. Bomba ni moja. Baraza iko mbele, inatazama barabara, na wazee wamekaa pale tangu alasiri. Anayepita anasalimia, asiyepita anakumbukwa. Ukijenga ukuta unaondoa vyote hivyo kwa mkupuo, kisha unashangaa mbona majirani wa siku hizi hawana utu. Watauonyesha wapi huo utu? Kwenye geti?

Na tunazidi kujenga kuta. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji hili, ya mwaka 2022 ikakaribia laki nne. Bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, limeshakuwa wimbo wa kila mwenye kiwanja: "Panda bei, wageni wanakuja." Sawa, waje. Lakini ninapopita huko pembezoni naona nyumba mpya mia na baraza sioni hata moja.

Najua mtakayosema. Kelele, ndiyo. Harusi ikiwa mtaani hulali, na turubai likifungwa barabarani unapita nyuma ya nyumba za watu. Choo cha pamoja kina adha yake, nakubali, hasa asubuhi. Kuhusu umbea, ni kweli, watajua umepata mgeni kabla hujamwandalia chai, na siku ukinunua nyama wiki nzima mtu atauliza mshahara umepanda? Iliniudhi miaka ya mwanzo, na bado kuna siku inaniudhi. Lakini jicho linalojua umenunua nyama ndilo jicho linalojua hujaamka. Sijaona mtaa unaokupa moja bila jingine.

Mwenye watoto wadogo wanne na gari, simwambii aje Barabara ya 12. Mwenye uwezo wa Raskazone akae Raskazone, upepo ni mzuri na Bombo iko jirani, ila ajiandae chumvi kula mabati yake. Mzee wangu mmoja yuko Sahare na hataki kusikia pengine. Maji si hoja kubwa hapa kwetu, maana tunapata ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, na miji mingi ingetuonea wivu. Usafiri nao si hoja, mji ni tambarare, nunua baiskeli kama wanavyofanya kina mama wa hapa. Mimi nasema na anayekuja peke yake. Mwalimu mpya, mhasibu mpya, muuguzi, kijana wa bandarini. Huyo ndiye anayepelekwa kwenye ukuta kwa jina la hadhi.

Huyo namwambia, usilipe miezi sita kabla hujalala mjini hata wiki moja. Kaa nyumba ya wageni, kaa kwa mtu wa ofisini, vumilia. Kodi ya miezi sita ukishaitoa haikurudii, na hapo ndipo wengi wanapofungwa. Kisha nenda mtaani bila dalali. Nenda asubuhi, nunua mbaazi na maandazi kwa anayeuza pembeni mwa barabara, ukae ule palepale. Salimia. Sikiliza kama salamu inaishia kwenye "nzuri" au inaendelea mpaka "habari za utokako?" Rudi magharibi, uone barabara inakuwaje watu wakitoka msikitini, watoto wako wapi, nani anawaita. Pita mvua ikishanyesha, kama umekuja wakati wa masika. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, useme unatafuta chumba. Mwenyekiti akikuuliza unatoka kwa nani na utafanya kazi wapi, usikasirike, huyo ndiye atakayekuja siku ya shida.

Na utazame baraza. Isiyofagiwa, yenye vumbi la wiki, hiyo ni nyumba ambayo watu wake wameshaachana wakiwa humohumo ndani. Yenye mkeka uliochakaa katikati, mahali pa makalio ya watu, hapo piga hodi.

Watu wana usemi kuhusu Tanga: waja leo, kuondoka majaliwa. Wanausema kwa kujisifu, eti mji unamteka mgeni hata anasahau kurudi kwao. Mimi nilikuja na barua ya uhamisho na nia ya kukaa miaka miwili. Kilichonizuia kuondoka ni mlango uliogongwa saa tatu asubuhi.

Jana nilikwenda kumwona Bi Mkubwa. Siku hizi miguu inamsumbua, lakini barazani bado anatoka. Nilimweleza habari za yule binti wa Mbeya, kwamba kodi yake inakwisha baada ya miezi sita, na chumba cha mwisho karibu na uani kikiwa wazi wakati huo ningependa aje akione. Nilitegemea aniulize ni mtu wa wapi, ana mume, ana dini gani, atalipa kwa mwezi au kwa miezi mitatu.

Alifikiri kidogo, akauliza, "Kazini anaingia asubuhi au usiku? Nijue ndoo yake niitazamie saa ngapi."