Mama zao walikuwa wapi?

Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu wa miaka kumi Mkunazini, Unguja, pale palipokuwa na soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Tukasimama mbele ya lile shimo lenye sanamu zilizofungwa minyororo shingoni. Akatazama kimya, halafu akanivuta mkono: "Mjomba, kama na watoto waliuzwa, mama zao walikuwa wapi?"

Shuleni hatukuulizwa hivyo. Tuliambiwa tutaje athari za biashara ya utumwa, tukataja: kupungua kwa nguvukazi, kudorora kwa kilimo. Tukapata vema zetu.

Nikamsimulia kisa cha Swema, binti wa Kiyao wa umri kama wake, aliyefikishwa Unguja mwaka 1865. Baba alishafariki, nzige wakala mazao, mama mjane akakopa nafaka kwa jirani. Deni halikulipika. Jirani akamchukua mtoto, akamuuza kwa wenye msafara uliokuwa ukipita, akalipwa kitambaa cha merikani.

Hapa ndipo tunapowakosea watoto hawa. Kisa chao tunakianzia sokoni na majahazini, kwa sababu kukianzia kwenye ghala tupu la mjane kunatuuma zaidi. Mtu wa kwanza kumuuza Swema alikuwa akimjua kwa jina. Kusema hivyo hakuwapunguzii hatia hata chembe matajiri wa Kilwa na Unguja; wasingekuwepo wao, jirani angemuuza kwa nani? Lakini mtoto anastahili kisa chake kielezwe chote, tangu njaa ilipoanza.

Na mama? Aliufuata msafara. Akaomba achukuliwe na yeye, asitengane na mwanawe, akatwishwa pembe ya ndovu. Nguvu zilipomwishia njiani akaachwa porini, Swema akalazimishwa kuendelea. Alifika Unguja hoi, wakaona huyu ni wa kufa tu, wakamzika akiwa hai. Kijana mmoja akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista wa Kikatoliki.

Kisa hiki kiliandikwa na padri, Anton Horner, akiwaandikia Wafaransa, na kalamu ya mmisionari inaonekana waziwazi. Mimi namwamini yule mama chini ya mzigo wa pembe.

Mpwa wangu hakusema neno. Tulipita Darajani kwenye msongamano wote ule bado kanishika vidole viwili, yeye ambaye siku hizi hataki kushikwa mkono mbele za watu.